Miezi mitatu haitoshe kufanya fundi



Mtoto anapotoka katika kundi la silaha, mara nyingi hapelekwe nyumbani siku ile ile. Anapitia kwanza Goma, katika kituo cha mpito ao katika familia ya kumpokea. Analala huko, anakula, anatulizwa roho, na anaonyeshwa kazi ya mikono: kushona, kupiga randa, kunyoa. Muda wake unapangwa kuwa mfupi, kama miezi mitatu, halafu anarudishwa kwao. Kurudi ni jambo nzuri. Mtoto hafai kukomalia kituoni. Tatizo ni ile kazi.

Muulize fundi yeyote wa Kitshanga alijifunza kwa muda gani. Miezi mitatu ni ya kujua kushika randa na kufagia atelie. Mlango wenye kufunga vizuri unakuja nyuma ya mwaka, na wateja wanakuja nyuma ya mlango.

Kijana moja aliyerudi na mashini ya kushona alituambia: "Mashini nilisha uzisha. Mama alikuwa mugonjwa, na hakuna mutu aliniletea kitambaa." Watu wanasema alipewa akaharibu. Sisi hatumlaumu. Wengi wetu tuko na diploma za univerisite na tunakaa hapa bila kazi. Tunajua vizuri: karatasi haipikwe, na mashini bila mteja ni karatasi ingine.

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kuingiza watoto katika jeshi na makundi ya silaha, na inaipa Serikali mzigo wa kuwatoa na kuwarudisha katika familia ao jamii. Kumshusha mtoto barabarani na kifurushi si kumrudisha.

Kwa hiyo tunadai:

1. Kituo kianze mafunzo, fundi wa hapa amalizie. Alipwe, na kijana akae kwake mwaka mzima.

2. Kazi ifuate soko yetu: mbao, chukudu, pikipiki, fromaji ya Masisi. Wanyozi tunao wa kutosha.

3. Vifaa vitolewe kidogo kidogo, na mtu apite kuangalia.

4. Wasichana watafutwe. Wengi wanatoroka kimya na hawapite kituoni, juu ya kuogopa aibu.

5. Na yule aliyekomalia katika kambi la Mungote bila kushika bunduki, naye aingie. Pale Don Bosco Ngangi, Goma, watoto wa mtaa wanajifunza pamoja na wale wanaolala kituoni. Tusifundishe wadogo wetu kwamba njia ya kupata mashini inapita porini.

Kitshanga iliungua 2013. Januari 2023 M23 wakaichukua. Kila vita inaporudi, wanaotafuta watoto hawaulize cheti, hawaombe mradi. Wanampa chakula siku hiyo hiyo. Sisi tukichelewa, wao hawachelewe.

Vijana wa Kitshanga