Haijachapishwa, Lakini Iko Wapi?

Fungua jarida lolote la Kiswahili, nenda moja kwa moja kwenye marejeleo, na hutakosa kukutana na neno hili ndani ya mabano: (Haijachapishwa). Mahali pake ni baada ya "Tasnifu ya Uzamili" au "Tasnifu ya Uzamivu". Kisha jina la chuo kikuu, basi. Katika kuandaa toleo hili tuliwauliza baadhi ya waandishi wetu: hiyo tasnifu uliisoma wapi? Wako waliotaja maktaba na rafu. Wako pia waliokiri kwamba hawajawahi kuitia machoni. Wameikuta kwa mwenzao, wakaihamisha na mabano yake.

Neno lenyewe lina kazi halali. Linamwambia msomaji asihangaike kuitafuta dukani. Ila tumelitwisha mzigo usio wake. Tasnifu iliyopita kwa watahini wa ndani na wa nje, ikafungwa jalada gumu na kukabidhiwa maktaba, inaitwa hivyo. Mada iliyosomwa haraka haraka kwenye kongamano, mwenyekiti akimkumbusha msemaji kwamba muda umekwisha, nayo hivyo hivyo. Mswada uliolala kwenye kompyuta ya mwandishi, ambao hajausoma mtu ila yeye, nao pia. Msomaji atajuaje ni upi amepewa?

Kizazi cha stensili kilikuwa na neno lake: mimeo. Waliosoma Mlimani, Dar es Salaam, miaka ya sitini na sabini wanazikumbuka karatasi hizo: herufi za taipureta, wino uliopenya hadi upande wa pili, pini iliyoshika kutu kwenye kona. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walitumwa kusini kuwahoji wazee walioikumbuka Vita ya Maji Maji. Walichokusanya hakikutoka kama kitabu cha dukani. Kilirudufiwa na kuhifadhiwa chuoni. Hata hivyo, ni vigumu kumwamini mtaalamu wa vita ile asiyejua kilichomo katika karatasi hizo. Wengi wa wazee waliohojiwa hawangengoja mchapishaji.

Gilbert Gwassa, aliyekuwa mmoja wa viongozi wa utafiti huo, alikamilisha tasnifu yake ya uzamivu kuhusu chanzo na kuenea kwa Maji Maji mwaka 1973. Ilitoka kama kitabu mwaka 2005, tena Köln, Ujerumani. Miaka 32 ilibeba mabano yale, na miaka hiyo yote wanahistoria waliinukuu. Waliinukuu kwa sababu walijua ilipo. Hilo ndilo jambo tunalolisema hapa: kinachoipa kazi heshima ya kunukuliwa si mashine ya kupigia chapa, ni kwamba anayetilia shaka anaweza kwenda kuisoma.

Wanahisabati wamelielewa hili zamani. Mrusi Grigori Perelman, kati ya mwaka 2002 na 2003, aliweka kwenye hifadhi ya mtandaoni iitwayo arXiv makala tatu zilizojibu swali la mwanahisabati Poincaré, lililowatoa jasho wenzake tangu 1904. Hakuzipeleka kwenye jarida lolote. Wataalamu walizisoma mstari kwa mstari, wakaridhika. Mwaka 2010 akatunukiwa zawadi ya dola milioni moja, akaikataa. (Ofisini kwetu habari ya dola ilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko ya hisabati.) Kwa kanuni ya marejeleo yetu, makala zile "hazijachapishwa" mpaka leo.

Na mipaka inazidi kufifia. Siku hizi vyuo vyetu vinaweka tasnifu kwenye hifadhi zao za kidijitali, na mwenye simu aliyeko Kigoma anaweza kuisoma usiku huu. Hiyo bado tunaiita haijachapishwa. Kitabu kilichopigwa chapa nakala chache na kuishia kwenye maboksi chini ya kitanda cha mwandishi, hicho tunakihesabu kimechapishwa, na kwenye kamati za kupandishwa vyeo kina alama zake. Sioni mantiki.

Kiambishi -ja- nacho kina ahadi ndani yake: bado, lakini itakuja. Tasnifu nyingi hazitakuja kuwa vitabu, wala hazikuandikwa ziwe vitabu. Tuache kuziwekea alama kama deni lisilolipwa.

Kwa hiyo, kuanzia toleo lijalo, mabano yale peke yake hatutayapokea. Taja ni kazi ya aina gani: tasnifu, mada ya kongamano, ripoti au mswada. Taja ilipo: maktaba na namba ya rafu, au anwani ya hifadhi ya mtandaoni. Kama ni mswada wa mtu binafsi, pata idhini yake na ututumie nakala pamoja na makala yako, ili wahakiki wauone. Kama hukuisoma mwenyewe, andika "imenukuliwa katika", kisha umtaje uliyemsoma; hakuna aibu katika hilo. Rejeleo ambalo mwandishi hawezi kutuonyesha lilipo tutaliondoa, pamoja na hoja inayolitegemea.