Kompyuta Mpya na Vyombo Vikongwe vya Mtandao

Tarehe 14 Oktoba 2025 ilikoma huduma ya kawaida ya kuitunza programu ya Windows 10, na kwa sababu hiyo ofisi na vyuo vingi vimelazimika kuhamia Windows 11. Kuhama kwenyewe si kazi ngumu. Kompyuta hujizima na kujiwasha mara mbili tatu, na mafaili yote ya mwenyewe hukutwa mahali pake. Tabu huanza kesho yake. Printa iliyo chumba cha pili haionekani. Mashine ya fotokopi, ambayo ilizoea kupeleka picha za hati moja kwa moja kwenye kompyuta ya karani, yasema imeshindwa. Diski ya pamoja, ambamo idara nzima huweka kazi zake, yadai neno la siri ambalo hakuna mtu aliyepata kulitunga. Aghalabu lawama humwangukia fundi, ama printa yenyewe huhukumiwa kuwa mbovu na kupelekwa stoo.

Hukumu hiyo haifai kupokelewa upesi. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kompyuta imeacha tu kukiamini chombo ilichokuwa ikikiamini jana, nacho chombo hakijui namna ya kujitambulisha upya.

Yapasa kwanza ieleweke jinsi vyombo hivi vinavyosemezana. Kompyuta na diski ya pamoja hubadilishana mafaili kwa kufuata itifaki, yaani utaratibu wa mazungumzo uliokubaliwa, iitwayo SMB. Ilibuniwa katika kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambapo mtandao ulikuwa ni waya ulioziunganisha kompyuta chache za jengo moja, mali ya watu waliojuana. Toleo lake la kwanza lilitosha kwa ujirani wa namna hiyo. Lakini tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilipenya katika udhaifu wa toleo hilo hilo na kuenea duniani kwa muda wa saa chache. Nchini Uingereza takriban theluthi moja ya taasisi za hospitali za umma katika eneo la England zilivurugika, na vyombo 1,220 vya kuchunguzia magonjwa viliathirika. Rekebisho la udhaifu huo lilikuwa limekwisha kutolewa tangu tarehe 14 Machi mwaka huo huo. Wengi hawakuwa wamelitia.

Toka hapo milango ilianza kufungwa mmoja mmoja. Toleo la Windows 10 la Oktoba 2017 liliiondoa SMB ya kwanza katika mambo yanayowekwa kwa kawaida. Kwa kompyuta za nyumbani na za ofisi ndogo zilizohuishwa juu ya programu ya zamani, hila ilikuwa kubwa zaidi: itifaki hiyo ilibaki kwanza, kisha ikajiondoa yenyewe ikiwa haikutumiwa kwa jumla ya siku 15. Idara iliyotumia skana yake mara moja kwa mwezi iliweza kuona chombo kikikataa kazi majuma kadhaa baada ya fundi kuondoka, wala isijue uhusiano uko wapi. Wale wa Linux nao hawakubaki nyuma, kwani programu ya Samba iliuacha utaratibu huo wa zamani mwaka 2019.

Kisha likaja toleo la Windows 11 la Oktoba 2024, liitwalo 24H2. Katika kompyuta za ofisini na vyuoni toleo hili hutaka kila ujumbe wa SMB utiwe sahihi, na hukataa kupokelewa katika diski kama mgeni asiye na jina. Mambo hayo mawili ni ndugu. Sahihi hufanywa kwa ufunguo unaotokana na neno la siri, na mgeni hana neno la siri, basi hana cha kutilia sahihi. Diski iliyokuwa ikimfungulia kila mpiga hodi bila kumwuliza jina huonekana kwa kompyuta mpya kuwa ni hatari.

Zipo pia sababu ndogo zisizohitaji maelezo marefu. Huenda kompyuta imeuhesabu mtandao wa ofisi kuwa wa hadhara, kama ule wa hoteli, ikajificha. Huenda ruta imeipa printa anwani nyingine. Hayo ni mambo ya dakika kumi.

Lililo zito ni dawa inayopendwa na mafundi wengi: kuirudisha SMB ya kwanza, kuruhusu wageni, kufuta sharti la sahihi. Kabla ya adhuhuri printa inachapa na kila mtu anashukuru. Dawa hiyo ni mbaya, kwa kuwa kwa ajili ya skana moja kompyuta yenye mishahara au matokeo ya mitihani hurudishwa katika hali ile ile iliyoziponza hospitali za Uingereza.

Wako watakaojibu kwamba chuo chenye fungu dogo hakiwezi kutupa mashine ya fotokopi ambayo bado ni nzima. Wasema kweli, na ukweli huo husahauliwa sana na wale wanaoandika miongozo katika nchi tajiri. Lakini kutupa si njia pekee. Diski ya pamoja yaweza kupewa jina la mtumiaji na neno la siri. Chombo chaweza kutiwa programu mpya ya ndani kutoka kwa mtengenezaji, ambayo mara nyingine ipo kwa miaka mingi bila mtu kuitafuta. Na mashine isiyo na programu mpya hata moja yaweza kuandika picha zake kwenye flashi, karani akaibeba kwa mkono.

Mwenye deni kubwa hapa ni mtengenezaji. Hutangaza kurasa kwa dakika na bei ya wino, wala hasemi ataitunza programu ya chombo chake mpaka lini. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza yamtaka atangaze muda huo kwa vyombo vya mtandao vinavyouzwa kwa wananchi. Sheria ya Umoja wa Ulaya, ambayo masharti yake makuu yaanza tarehe 11 Desemba 2027, yataka muda usiopungua miaka mitano, isipokuwa kwa chombo kisichotarajiwa kutumika muda huo. Afrika Mashariki hununua vyombo vya aina hiyo hiyo, vingine vikiwa vimekwisha kutumika kwingine. Kamati za zabuni hazina haja ya kungoja Bunge: katika fomu ile ile inayouliza idadi ya kurasa, yatosha kuongeza mistari miwili, mmoja wa tarehe ya mwisho ya marekebisho ya programu, na wa pili wa toleo la SMB ambalo chombo kinalijua.