Zebaki ya Kitere tunaijua, ya kwenye krimu je?

Ukikulia Rongo, huhitaji kufafanuliwa zebaki ni nini. Kule Kitere wachimbaji huichanganya na unga wa mawe ili inase dhahabu, kisha wanaichoma. Hata mtoto wa shule anajua si kitu cha kuchezea. Sasa huyo huyo aliyekua akiambiwa asiiguse anajiunga na chuo, anafungua TikTok usiku, na kwa bei ya bando la wiki anaagiza kikopo cha krimu ya "kung'arisha" uso. Ndani yake huenda mna zebaki.

Kwa nini itiwe kwenye krimu? Kwa sababu inafanya kazi, na hapo ndipo shida ilipo. Chumvi za zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi inayotupa weusi wetu, kwa hivyo uso unabadilika kweli na marafiki wanaanza kuuliza umepaka nini. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema dhara kubwa la krimu na sabuni hizi ni kuharibika kwa figo. Na figo haionekani kwenye selfie. Tena sumu haibaki kwa anayejipaka: mvuke wake unapumuliwa na mnaolala naye chumba kimoja, na taulo mnalotumia pamoja hubeba mabaki, hata kwa mtoto mchanga.

Msidhani hakuna sheria. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998, miaka 9 kabla ya M-Pesa kuzinduliwa. Lakini ile ni sheria ya enzi za kaunta. Afisa wa Kebs anaweza kusimama bandarini, kukagua shehena au kuingia dukani na kubeba katoni. Duka la leo ni status ya WhatsApp, inayopotea baada ya saa 24. Unatuma pesa, mzigo unapandishwa gari Nairobi jioni, asubuhi bodaboda anakuletea hosteli. Afisa aingie mlango gani?

Na si Kenya pekee. Mwaka 2022, mtandao wa mashirika ya mazingira uitwao Zero Mercury Working Group ulitoa matokeo ya krimu 271 zilizonunuliwa kwenye zaidi ya majukwaa 40 ya mtandaoni katika nchi 17. Krimu 129 zilipita kiwango cha Mkataba wa Minamata, yaani sehemu 1 ya zebaki kwa milioni. Karibu nusu! Mwaka uliofuata, nchi wanachama zilikutana Geneva zikafuta hata hicho kiwango kidogo, na kuweka 2025 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki. Karatasi tamu hiyo, ila kikopo hakisomi mkataba.

Nyumbani nako kuna mkanganyiko wa ofisi. Kipodozi cha kawaida ni cha Kebs. Krimu yenye steroidi kama klobetasoli ni dawa, kwa hivyo inaangukia Bodi ya Famasia na Sumu. Ikiwa ni feki, kuna Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Msichana ambaye uso umemchubuka hajui ameuziwa ipi kati ya hizo tatu, na ndiyo maana wengi hunyamaza tu.

Mimi sioni haja ya marufuku nyingine. Tatizo ni nani anabeba lawama. Ulaya, kanuni iliyoanza kutumika Desemba 2024 inalipa jukwaa siku 2 za kazi kuondoa bidhaa hatari mara tu mamlaka inapoagiza. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inayomtaka anayeuza kwenye intaneti atoe maelezo kabla hujalipa, lakini hiyo inamgusa muuzaji, ambaye kesho atafungua akaunti nyingine. Jukwaa linalopokea pesa ya tangazo lake halifungui akaunti nyingine. Lilazimishwe kukataa tangazo la kipodozi lisiloonyesha nambari ya kibali cha Kebs, basi. Muuzaji naye si jini: laini anayopokelea pesa imesajiliwa kwa kitambulisho.

Hapo kuna jambo linanikera, nikiri. Msako ukianza kesho, wa kwanza kunaswa atakuwa mwanafunzi anayeuza vikopo vitano ili alipe kodi ya nyumba, huku aliyeingiza kontena akibaki nje. Huyo mwanafunzi aulizwe alinunua wapi kabla ya kupigwa faini.

Kwa sasa, muuzaji akikutumia picha, mwombe ya upande wenye alama ya ubora ya Kebs. Nambari iliyo chini yake itume kwa SMS, ukianza na SM#, kwenda 20023. Ukijibiwa jina la bidhaa nyingine kabisa, au muuzaji akikublock, umeshajua.