KAZI YA HESHIMA NI IPI?

Wanachama wenzetu, neno tutakalo kulinena safari hii ni la heshima ya kazi. Si neno geni. Husemwa barazani, husemwa njiani tutokapo kazini, na husemwa zaidi nyumbani, mzazi amwambiapo mwanawe, "Soma sana, upate kazi ya heshima." Mtoto akiuliza kazi hiyo ni ipi, huonyeshwa kiti, meza na shati jeupe. Twaona ya kuwa jibu hilo halitoshi. Na kwetu sisi watumishi wa serikali lina hatari, maana hutufanya tudhani ya kuwa heshima tulikwisha kuipata siku ile tulipopewa barua ya kuajiriwa.

Yatupasa basi tutafute kipimo kilicho bora. Na ili tusipotee katika maneno makubwa, twataka kukitafuta mahali ambapo watu hawapendi kutazama, yaani katika mashimo ya vyoo vya mitaa yetu.

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Katika hao, wilaya ya Temeke ilikuwa na watu 1,346,674, na Kinondoni watu 982,328. Mabomba ya majitaka yamefikia sehemu ndogo tu ya nyumba za mji huu. Walio wengi hutumia vyoo vya shimo, na shimo halina budi kujaa. Gari la kunyonya majitaka laweza kupita katika barabara pana, lakini haliwezi kuingia katika vichochoro vya Tandale au vya Keko. Hapo ndipo huitwa watu ambao mjini wamepewa jina la vyura, kwa kuwa huingia shimoni wenyewe wakachota kwa ndoo, mara nyingi usiku, na wengi wao pasipo glavu wala viatu vya mpira. Kulipokucha, yule yule aliyewaita hupita karibu nao asiwaamkie.

Kwa kipimo cha shati jeupe, ni shida kuona kazi iliyo chini kuliko hiyo. Lakini itazameni faida yake. Kipindupindu ni maradhi yapitayo katika maji na chakula kilichoingiwa na kinyesi. Mwaka 1854 daktari John Snow alihesabu vifo vya mtaa mmoja wa London, akaonyesha ya kuwa vilikizunguka kisima kimoja cha pampu. Unguja maradhi hayo yaliua watu maelfu katika miaka ya 1869 na 1870. Nasi wenyewe hatuna haja ya kwenda mbali, maana mwezi wa Agosti 2015 yalizuka hapa Dar es Salaam, na Kinondoni ikawa miongoni mwa mahali pa kwanza kupatwa, kisha yakaenea katika mikoa mingi ya nchi. Mtu autoaye uchafu uani mwa nyumba husimama baina ya maradhi na watoto wa nyumba ile. Kazi yake na kazi ya daktari ni moja, ila yeye hutangulia na daktari hufuata.

Lakini asidhani mtu ya kuwa twasema kila kazi chafu ni kazi tukufu. La, hasha! Kazi hii hii ina njia mbili. Yuko achotaye, akatia katika mapipa, na mzigo ukafikishwa kwenye mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti. Yuko naye angojaye mvua ya masika, akatoboa ukuta wa shimo, uchafu ukachukuliwa na maji mpaka mtaroni, na kutoka mtaroni mpaka mlangoni pa jirani aliye bondeni. Watu wa mjini huita jambo hilo kutapisha choo. Shimo ni lile lile. Aliye na shimo amepata nafuu ile ile, tena kwa gharama ndogo zaidi. Hata mtu aliyeshika jembe aweza kuwa yule yule. Lakini kazi ya kwanza ni ya heshima, na ya pili ni aibu. Wazee walinena, kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi. Mchukuzi huona mzigo umekuwa mwepesi, wala hamwoni aliyepotewa na mali yake.

Hapa twadhani tumekipata kipimo tulichokitafuta. Tusiulize kazi yafanywa kwa kalamu au kwa ndoo. Tuulize mambo mawili: faida yake yaishia kwa nani, na taabu yake yamwagwa kwa nani? Kazi ambayo faida yake humfikia mwingine, na taabu yake hubebwa na mtendaji hata mwisho asimtupie aliye mnyonge, hiyo ndiyo kazi ya heshima, iwe chini ya ardhi au ghorofani.

Na sasa na tukirudishe kipimo hicho afisini petu. Mjane ametoka Mbagala, amelipa nauli ya kuja na atalipa ya kurudi, naye ataka karatasi moja tu ya mirathi. Jalada lake limo kabatini, lakini kulitafuta kwataka nusu saa ya vumbi. Karani amwambia, "Njoo kesho." Ndugu zetu, huko nako ni kutapisha choo. Taabu iliyokuwa yetu, ambayo tulipokea mshahara ili tuibebe, tumeifungulia ukuta ikateremka mpaka uani kwa mjane. Shati letu limebaki jeupe, na kwa nje hapana aliyeona doa. Lakini yule aliyechota usiku huko Keko na kuufikisha mzigo mahali pake amefanya kazi iliyo bora kuliko yetu.

Wako waliotutangulia ambao walilijua jambo hili. Martin Kayamba alipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali huko Tanga mwaka 1922, wengi wa wenzake walikuwa makarani na waalimu, watu waliokuwa na nafasi ya kujitafutia nafuu yao peke yao. Hata hivyo fikira ya kukusanyika haikukomea kwao. Mwaka 1929 kilianzishwa hapa Dar es Salaam Chama cha Waafrika, ambacho mlango wake haukuwa wa watumishi wa serikali tu, na kutokana na chama hicho ilizaliwa TANU mwaka 1954. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hata 1944. Viti vya forodhani vilikaliwa na wengi, wala leo majina yao hayatajwi. Si kiti kilichompa yeye utukufu, bali yale aliyowaachia wasomaji wa Kiswahili ambao hakupata kuwaona.

Yumkini msomaji atasema, "Vema, tangu leo tutawasifu vyura." Twaogopa sifa za namna hiyo. Sifa ni mshahara rahisi kuliko yote, na mara nyingi hutolewa badala ya ule mwingine. Mtu akiambiwa kazi yake ni tukufu, kisha akateremshwa shimoni miguu mitupu, hakuheshimiwa, amedhihakiwa. Katika miaka iliyofuata 2000 ilijaribiwa huko Temeke pampu ya mkono iitwayo Gulper, ambayo huvuta uchafu na mtu akiwa amesimama juu, asiingie ndani. Chombo kama hicho kina heshima ndani yake kuliko hotuba kumi, kwa sababu kimempunguzia mtu taabu pasipo kumwongezea jirani yake.

Basi twaleta shauri mbele ya wanachama wa matawi ya Kinondoni na Temeke, wapate kulizungumza katika mkutano ujao. Kwanza, mwanachama aliye na nyumba asikubali shimo lake litapishwe wakati wa mvua, hata kama mtaa mzima wafanya hivyo. Pili, amwitapo mtu wa kupakua choo, wapatane bei itoshayo kuufikisha mzigo mahali pake, ahakikishe ya kuwa ana glavu na viatu, na asubuhi amwamkie kama amwamkiavyo mtu mwingine yeyote. Tatu, na hili ndilo gumu, kila mmoja wetu aliye dirishani asiseme "Njoo kesho" kwa kazi iwezayo kwisha leo.

Twajua ya kuwa shauri la tatu halitapigiwa makofi kama lile la nyongeza ya mishahara. Nyongeza nayo tutaendelea kuidai, kwani ni haki. Lakini tutakapokwenda kuidai, tutakuwa na nguvu zaidi ikiwa mjane wa Mbagala aweza kutushuhudia.