Lipia kipimo kabla hujanunua pampu

Gari likianza kukosa nguvu mlimani, au likazima kwenye foleni na kugoma kuwaka mpaka lipoe, fundi wa kwanza atakayefungua boneti mara nyingi ana jibu tayari: pampu ya mafuta imekufa. Mwenye gari anatumwa dukani. Ananunua mpya, au anauziwa ya mtumba, inafungwa, analipa na kuondoka. Baada ya siku chache tatizo ni lilelile. Nina gereji hapa Morogoro, si mbali na Msamvu, na magari mengi ninayoletewa kwa ugonjwa huu huja yakiwa na pampu mpya tayari ndani ya tanki.

Sisemi pampu haziharibiki. Zinakufa, hasa za wale wanaotembea na taa ya mafuta imewaka wiki nzima, kwa sababu pampu ya umeme inakaa ndani ya tanki na inapozwa na petroli hiyohiyo. Ila pampu ni mahali pa kumalizia uchunguzi, na sisi mafundi tumezoea kuanzia hapo.

Juzijuzi nililetewa Premio ya mwalimu mmoja, imeshabadilishwa pampu mara mbili kwingine. Tambarare inakwenda vizuri. Ikipakia watu wanne na kushika mlima, inakata pumzi. Nikaunga geji ya presha kwenye njia ya mafuta. Injini ile inataka bar 3 hadi 3.5 hivi. Kwenye sileni mshale ulisimama karibu na 3, pazuri tu. Nikamwambia kijana wangu akanyage mafuta na ashikilie. Mshale ukaanza kushuka, polepole, mpaka chini ya 2.

Hapo ndipo mwenye haraka angetangaza pampu ya tatu. Mimi nikanyanyua kiti cha nyuma, ambako ndiko iliko soketi ya pampu, nikaweka mita huku injini ikinguruma. Betri ina volti 14, pampu inapata 9. Umeme unapotelea njiani. Nilipopima waya wa ethi dhidi ya betri, karibu volti zote zilizopotea zilikuwa pale: bolti inayoubana kwenye bodi imeota kutu, nadhani gari lilioshwa ndani kwa maji mengi na halikukaushwa. Msasa, bolti mpya, basi. Tulipokanyaga tena mafuta, mshale haukuteremka.

Mwalimu alifurahi mpaka nilipomtajia bei. "Sasa fundi, mbona hujabadilisha kitu? Unanitoza nini?" Pampu mbili alizilipia bila kunung'unika kwa sababu alizishika mkononi. Simlaumu yeye peke yake, maana wateja wengi wako hivyo, na ni jambo la ajabu kwa sababu hospitali tunalipia maabara kwanza ndipo dawa, wala hatumwambii daktari kwamba hajafanya kitu. Matokeo yake fundi anayepima anaambulia kidogo kuliko anayekutuma dukani. Na tuseme ukweli: huyo wa pili mara nyingi ana cha juu chake kwa mwenye duka. Ukikataa kulipia kipimo, umemfundisha fundi wako kubahatisha kwa pesa yako.

Siku hizi kuna na kompyuta. Mteja anakuja na karatasi imeandikwa P0171, ameshaambiwa anunue sensa ya oksijeni. Namba hiyo inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Haisemi kwa nini. Inaweza kuwa pampu dhaifu, chujio lililoziba, nozeli chafu, au mpira wa hewa uliopasuka unaoingiza hewa isiyopimwa, na sensa ikawa inasema kweli tupu. Bila geji, hutajua uanzie upande wa mafuta au wa hewa.

Usimwamini pia anayekuambia ufungue swichi usikilize mlio wa pampu, usiposikia ujue imekufa. Toyota nyingi za zamani haziwashi pampu mpaka upige stata. Kimya hicho ni cha kawaida kabisa.

Mafuta machafu yapo, ingawa yanasingiziwa mengi. Tangu mwaka 2010 mafuta ya nchi hii yanawekewa vinasaba ili kuwabana wanaochanganya petroli na mafuta ya taa. Maji kwenye tanki ni habari nyingine. Chota petroli kidogo kwenye chupa safi ya kioo, iache itulie mbali na moto. Maji yakiwemo yatakaa chini na utaona mstari.

Ninachomwomba mwenye gari ni kidogo. Kabla hujatoa pesa ya pampu, dai namba ziandikwe kwenye risiti: presha kwenye sileni, presha ukikanyaga mafuta, volti zinazofika kwenye pampu, na presha iliyobaki dakika 5 baada ya kuzima. Kwa injini kama ile ya mwalimu, hiyo ya mwisho isiwe chini ya bar 1.5; ikishuka zaidi, mahali fulani panavuja, na ndiyo maana asubuhi unapiga stata kwa muda mrefu. Fundi akisema hana geji, tafuta mwenye nayo. Kifaa hicho hakifikii bei ya pampu moja halisi, kwa hiyo gereji inayoishi kwa kubadilisha pampu haina kisingizio.

Kwangu bei ya kupima imebandikwa mlangoni, na ukitengenezea hapa inakatwa kwenye hesabu ya mwisho. Gereji zote zikifanya hivyo, maduka ya spea yatauza pampu chache, na hilo mimi silisikitikii hata kidogo.