Maradhi ya Ukoo Yasivunje Posa

Yapo maneno tuliyoyasikia mno mabarazani, na imefika wakati wa kuyakemea. Msichana akivimba viungo, nywele zikamnyonyoka na usoni akatokwa na upele wenye umbo la kipepeo, husemwa kwamba ukoo wake una ila, na posa ya mdogo wake hurudishwa. (Wengine humtaja hasidi, hayo leo tunayaacha.)

Huenda maradhi hayo ni lupasi. Katika lupasi kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, huushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo, pamoja na tishu zinazoviunganisha. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake.

Hatukatai kwamba nasaba ina sehemu yake. Wataalamu wamekwisha kugundua mahali zaidi ya 100 katika jeni panapohusika, na pengi kati ya hapo pana nguvu ndogo tu. Lakini pacha waliotoka yai moja, wenye urithi mmoja, mmoja wao akiugua, mara nyingi mwenziwe hubaki mzima. Ikiwa pacha hafungwi na urithi, vipi afungwe binamu?

Tena lipo jambo ambalo watu wa visiwa vilivyoteswa na malaria hawana budi kulijua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha watoto wa Kenya, ulionyesha kwamba badiliko moja la jeni iitwayo FCGR2B, lile lile linaloongeza uwezekano wa lupasi, huwakinga na malaria kali watoto waliolirithi kwa baba na kwa mama pia. Basi hicho kiitwacho ila huenda ndicho kilichowavusha baadhi ya wazee wetu utotoni.

Kwa wakuu wa afya tuna ombi. Lupasi huweza kuharibu figo kimyakimya, na kijiti cha kupimia protini katika mkojo ni kitu cha gharama ndogo, kisikosekane vituoni. Mganga naye amuulize mgonjwa habari za jamaa zake, ili ugonjwa uwahiwe. Na haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini tuliyoimeza sote kwa homa, iwekwe akiba ya kutosha. Dawa hiyo huliwa kwa miaka, si kwa juma moja. Mgonjwa wa kisiwani akiikosa kwa kuwa meli imechelewa, maradhi huweza kuamka upya.