BEGI LA MAJI ELFU 85, MRIJA MMOJA MIDOMO SITA: JOGING YA BUKOBA IMEGEUKA MAONYESHO YA MITINDO

Jumamosi, saa 12 na nusu asubuhi, nje ya Kaitaba. Ukungu bado umelala juu ya ziwa, kisiwa cha Musira hakionekani vizuri, na watu wa joging ndio kwanza wanajikusanya, huyu ana raba mpya, yule kaja na zile za mwaka juzi. Mara gari linasimama, anashuka bosi mmoja, jina kapuni, ingawa mji mzima unamjua. Mgongoni kabeba begi la maji la kisasa, lile lenye mfuko ndani na mrija unaopita begani hadi jirani na mdomo. Lita 2, limejaa mpaka juu.

Mbio za siku hiyo? Kilomita 5. Mzunguko wa mjini, kushuka ufukweni, kurudi, halafu supu.

Jamani, kilomita 5! Hata mtu wa kitambi anazimaliza ndani ya dakika 45. Mkimbiaji hutoka jasho kati ya nusu lita na lita 2 kwa saa, kutegemea mwili wake, jua na kasi anayokwenda. Kwa mwendo ule wa kusimama kila kona kupiga picha, bosi hakupoteza hata nusu lita. Maana yake alibeba kilo 2 za maji, mbali na begi lenyewe, akazizungusha mji mzima, akarudi nazo karibu zote. Bilauri moja nyumbani kabla ya kutoka na nyingine baada ya kurudi zingemtosha kabisa. Ila bilauri haionekani kwenye picha.

Na picha ndiyo iliyoleta balaa lenyewe. Kuna dada mmoja hapo mjini mwenye wafuasi wengi Instagram, akisema "nipo mahali" watu wanahama baa. Naye akataka kuonekana na mrija mdomoni. Akanyonya, akapigwa picha. Akaja rafiki yake, naye akanyonya. Akaja kaka mmoja wa kikundi cha Hamugembe, akanyonya na kufanya ishara ya dole. Walihesabika sita. Mrija mmoja, midomo sita, na wote wanacheka.

Hii ni Kagera. Si mkoa wa kusahau haraka hivyo. Machi 21, 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa Marburg katika wilaya ya Bukoba. Wagonjwa walikuwa 9, watu 6 wakafariki, na mpaka unatangazwa kwisha Juni 2 kila mlango wa duka ulikuwa na ndoo ya maji na sabuni. Januari 2025 ukarudi, safari hii Biharamulo. Ugonjwa ule hupita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa, na mate yamo. Watu waliacha kupeana mikono misibani, kitu ambacho kwa Mhaya si kidogo. Leo watu walewale wanapokezana mrija kwa sababu una rangi nzuri. Hata tukiacha Marburg pembeni, mafua na vidonda vya koo havihitaji zaidi ya hapo.

Watetezi wa bosi wana jibu lao: mbona wazee walikunywa rubisi kwenye kibuyu kwa mrija? Ni kweli. Na hapo ndipo panapofurahisha, maana mtu yeyote aliyekulia Kagera akiliangalia lile begi anaona kibuyu kilichovalishwa mikanda. Chombo chepesi, mdomo mdogo, mrija mrefu, kinywaji hakimwagiki ukitembea. Wazo ni la zamani na liko nyumbani. Tofauti ni kwamba kibuyu mwenyewe alijua kukiosha, na hakuna mzee aliyewahi kumlazimisha mgeni anunue kibuyu chake kwanza ndipo aruhusiwe kukaa kijiweni.

Hata huko lilikotoka, begi hilo halikuanza kama fasheni. Mwaka 1988, Texas nchini Marekani, mhudumu mmoja wa gari la wagonjwa aitwaye Michael Eidson alikuwa anashiriki mbio za baiskeli za maili 100 kwenye joto kali. Akachukua mfuko wa dripu, akaujaza maji, akautia ndani ya soksi ndefu, akaishikiza mgongoni kwenye jezi yake, mpira wa dripu akaupitisha begani na kuubana kwa kibanio cha nguo. Kibanio cha kuanikia nguo! Mwaka uliofuata ikazaliwa CamelBak. Yaani jamaa alikuwa na safari ndefu, joto kali na mikono miwili iliyoshika usukani, akatumia alichokuwa nacho kazini. Hiyo ni akili ya fundi. Kilichofika Bukoba ni begi tu, akili imebaki Texas.

Maana begi lile lina mambo yake. Ule mfuko wa ndani lazima uoshwe, ukaushwe, uning'inizwe wazi hewa ipite. Mrija una tundu jembamba, bila brashi yake ndefu huufikii ndani. Bukoba hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na ikifika mwezi wa 4 hata soksi hazikauki. Mfuko wa plastiki uliofungwa ndani ya begi lenye unyevu, ukawekwa nyuma ya mlango hadi Jumamosi ijayo, unaota utelezi. Waliochungulia mrija wa bosi wanasema una weusi fulani kwa ndani. Kama aliwahi kutia juisi humo ndio kabisa, sukari ni karamu ya ukungu. Na maji hayo ndiyo yaliyonyweka na watu sita.

Chupa ya kawaida ya plastiki nyeupe, ile ya nusu lita, ina faida ambazo hakuna anayezipigia debe. Unaona maji yamebaki kiasi gani. Unaona uchafu. Unaiosha kwa mchanga kidogo na sabuni, ikichakaa unapata nyingine. Ukiwa kijijini huna kuni za kuchemsha, unaweza kuyaanika maji masafi yasiyo na tope ndani ya chupa hiyo juani saa 6, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu, na vijidudu vingi vinakufa. Jaribu kufanya hivyo na begi jeusi la elfu 85.

Kama mambo yangeishia kwenye kuuza sura, wala hakuna shida. Mtu na hela yake, na Bukoba bila unshomile kidogo si Bukoba. Tatizo lilianza biashara ilipoingia. Bosi aliagiza mzigo. Mabegi yakaja kwa maboksi, na ghafla kwenye bonanza moja la Muleba likatangazwa sharti kwamba kila mshiriki "ajitegemee kwa maji", na mabegi yanapatikana kwa waandaaji kwa elfu 85. Kiingilio kilibaki palepale. Ila zile meza za maji njiani, ambazo kila mwaka zililipiwa kutoka kwenye hicho kiingilio, zikayeyuka.

Anayeijua njia ya kupanda Kamachumu anajua maana yake. Si jua la Dodoma, ni kweli. Lakini hewa ya ziwa ina unyevu, jasho halikauki haraka, linatiririka tu, na mwili unashindwa kupoa. Mtu anaona mawingu anadhani hana haja ya maji. Wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi kwenye milima ile wanalijua hilo bila kusoma popote, ndiyo maana kila mmoja ana chupa kaifunga kwenye chuma cha baiskeli kwa ukanda wa mpira wa tairi kuukuu.

Siku hiyo kulikuwa na binti wa kidato cha tatu, mkimbiaji mzuri kweli, wa kuonekana akikimbia hata na viatu vya shule. Hakuwa na elfu 85. Hata elfu 8 ilikuwa mtihani. Alianza mbele, akapita wanaume wazima wenye mabegi yao yakichuruzika, na kwenye mwinuko wa tatu akakaa chini pembeni ya barabara, kashika kichwa, midomo imekauka. Waliopita na mirija walipita. Mama mmoja muuza ndizi mbivu ndiye aliyemkimbilia. "Waitu mwanangu, kunywa pole pole," akamwambia, akampa maji ya kuchemsha kutoka kwenye kidumu chake na ndizi mbili. Binti aliinuka baada ya nusu saa, akamaliza akitembea. Mwandaaji mmoja alipoulizwa kuhusu meza za maji alijibu kwamba siku hizi dunia imebadilika, mwanamichezo anabeba maji yake.

Dunia ipi hiyo? Kwenye marathoni kubwa duniani wanariadha wanakuta chupa mezani njiani, na hawa ndio wenye uwezo wa kununua kiwanda cha mabegi. Begi la mgongoni ni la mtu anayekwenda mbali ambako hakuna meza: mpanda mlima, mbio za porini, mwendesha baiskeli anayetoka Bukoba hadi Muleba na kurudi. Huyo hata kama ana begi la bosi, halali yake, tena likiwa safi ni kitu kizuri kwelikweli. Kumwambia mwanafunzi wa kilomita 10 anunue begi kwa sababu wewe umefuta meza ni kuhamisha mzigo wako kwenda kwenye mgongo wake, na kumtoza hela ya kuubeba.

Na kuna lingine. Kwenye kundi lao la WhatsApp zilitumwa nasaha kwamba mkimbiaji avute mrija kila dakika 5 "hata kama huna kiu". Huo ni ushauri wa kuua mtu. Maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi kwenye damu. Kwenye Boston Marathon ya mwaka 2002 walipimwa wakimbiaji 488 mwishoni mwa mbio, na asilimia 13 kati yao damu ilikuwa imepungukiwa chumvi, wengi wakiwa ni wale waliokunywa hadi uzito ukaongezeka. Mkimbiaji mmoja, mwanamke wa miaka 28, alifariki kwa sababu hiyo. Kiu ipo kwa kazi yake. Mwenye begi la lita 2 mdomoni ndiye rahisi zaidi kuisahau.

Sasa kuna kijana mmoja pale Muleba mjini, fundi cherehani, kibanda chake kina mlango wa bati. Aliiona ile hali kwenye bonanza, akakaa kimya, akarudi kwenye cherehani. Akashona kizibao chepesi chenye mifuko miwili ya kuchomeka chupa za nusu lita. Cha kwanza kilikuwa kioja: mifuko ilikuwa kiunoni, chupa zikawa zinagonga mbavu kama ngoma. Akazipandisha kifuani, moja kila upande, uzito ukakaa sawa. Mikanda ya jinzi kuukuu ilichubua shingo, akaibadilisha kwa kitambaa cha jezi za mpira zilizochanika, zile zenye vitobo, jasho linapita. Mteja mmoja alimshauri atumie chandarua. Alikataa katakata, akasema chandarua ni cha kitandani, Muleba inaijua malaria. Mdomoni mwa mfuko akashonea ukanda wa mpira wa tairi ili chupa isiruke mtu akishuka mlima. Wino wa kuandika jina kwenye chupa anatoa bure, kila mtu anywe yake.

Bei yake elfu 7. Binti wa kidato cha tatu alipewa cha majaribio, akarudi na malamiko mawili, kwamba kifuani kinabana wasichana na kwamba kutoa chupa kwa mkono wa kushoto ni kazi. Fundi akakifumua, akaongeza ukanda wa kulegeza na kuulaza mfuko wa kushoto kidogo. Hilo ndilo jambo ambalo boksi la kutoka nje haliwezi kufanya: halimsikilizi aliyelivaa.

Watu wa bosi wanasema huu wote ni wivu, roho mbaya, kutopenda maendeleo, eti fundi anaharibu soko. Soko gani? Kama begi ni bora, si liuzwe dukani mtu achague? Kwa nini liwe sharti la kuandikishwa? Na hela ya meza za maji, ambayo iko ndani ya kiingilio mpaka leo, inanunua nini? Hayo ni maswali ya wanachama waliochanga, wengine kwa kuuza kuku.

Wiki hii tangazo la bonanza lijalo limetumwa kwenye kundi. Kiingilio kimepanda kwa elfu 5. Begi limeandikwa "lazima" kwa herufi kubwa. Mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu, aliandika kwa adabu zote: "Shikamooni viongozi. Meza za maji mwaka huu zitakuwa kilomita ya ngapi?" Hakujibiwa. Baada ya dakika chache ikaonekana kaondolewa kwenye kundi.

Fundi wa Muleba yeye ana oda ya vizibao 11, na kashaanza kutafuta jezi nyingine zilizochanika.